Upemba: swala wamehesabiwa, kereng'ende je?

Katika bonde la Kamalondo, kusini mwa Kongo, mto Lualaba hutapakaa na kujaza maziwa ya Upemba na Kisale. Nyasi za bonde hilo, ambazo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoundwa mwaka 1939, ndizo makazi pekee ya swala anayeitwa lechwe wa Upemba. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 20,000. Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2025, baada ya kuwatafuta kwa ndege, yanasema hawafiki 100. Ujangili ndio umewamaliza.

Lakini swala, hata akibaki mmoja, anaonekana kutoka juu. Mdudu haonekani. Kati ya 1946 na 1949 msafara wa Mbelgiji Gaston-François de Witte ulikusanya wadudu wengi sana Upemba, wakaenda kuhifadhiwa Ubelgiji. Hesabu ya zamani tunayo, basi, ila iko mbali, na ina karibu miaka 80.

Kuna anayeuliza: mdudu ana faida gani kwa raia? Amtazame kereng'ende. Kabla ya kuota mabawa huishi majini akiwa buu, anakula mabuu ya mbu, naye huliwa na samaki. Samaki hao ndio riziki ya wavuvi wa Bukama na vijiji vya kando ya maziwa. Maisha hayo yote yanafuata mafuriko: maji yapande kwa msimu wake, yakae, kisha yashuke polepole.

Hapo ndipo ulinzi wa sasa unapopungua. Askari wa ICCN anaweza kumkamata jangili. Hawezi kulikamata jiji la Kolwezi. Lualaba hupita kwenye ukanda wa shaba na kobalti na kwenye mabwawa ya Nzilo na Nseke kabla ya kufika bondeni. Lufira, unaoingia katika bonde hilohilo, tayari una bwawa la Mwadingusha tangu enzi za wakoloni, na sasa kuna mradi wenye ubishi wa bwawa jingine la umeme huko Sombwe.

Kubishania mpaka wa hifadhi ni haki. Ila kwa nyasi za Kamalondo swali la kwanza kwa wenye mabwawa ni hili: maji yatafunguliwa mwezi gani, kwa kiasi gani, na nani atayapima?