Usiutoe bure ukuta wa duka lako

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, miji ya Masasi na Newala hubadilika. Wakulima kutoka Kitangari, Mnyambe, Lukuledi na Chiungutwa huingia mjini kuchukua fedha zao benki, kisha hutafuta bati, baiskeli, magodoro na sare za shule. Katika mnada wa kwanza wa TANECU wa msimu ulioanza 2024, bei ilipita Sh 4,000 kwa kilo. Kwa mfanyabiashara mdogo, hii ndiyo miezi ya kufidia mwaka mzima, na swali lake ni moja: mteja huyu atalijuaje duka langu?

Wengi wamejibu kwa kutoa ukuta bure. Gari la kampuni hufika na makopo ya rangi, na kabla ya jioni duka zima limekuwa jekundu au la bluu. Mwenye duka anafurahi kwamba amepakiwa rangi bila kutoa hata senti. Jina lake, kama limekumbukwa, limebanwa pembeni chini ya nembo. Jirani yake naye amepakwa rangi ileile. Sasa mkulima aliyehudumiwa vizuri atamwelekezaje mwenzake? Amwambie aende duka jekundu, wakati mtaa mzima ni mwekundu?

Tazama ilivyokuwa kwa kampuni za simu. Celtel, iliyoanza huduma nchini mwaka 2001, ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Tigo nayo ikawa Yas mwaka 2024. Kila jina lilipobadilika, rangi za matangazo zilibadilika nalo, lakini mwenye duka alibaki yuleyule na jina lake dogo. Siilaumu kampuni. Yenyewe inajua thamani ya ukuta unaotazamana na stendi. Asiyeijua ni mwenye ukuta. Sisemi akatae. Adai jina la duka liandikwe kubwa juu ya mlango, na ukuta ulipiwe, kwa fedha au kwa bidhaa.

Njia nyingine ni kumwita fundi wa mabango wa hapohapo mjini. Huyu anakwangua rangi ya zamani, anapaka ya kwanza, anapiga mistari kwa uzi wenye chaki, ndipo anaandika kwa rangi ya mafuta. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni picha. Duka la pembejeo lililochorwa bomba la kupulizia na mfuko wa salfa linaeleweka hata kwa mzee asiyejua kusoma. Kinyozi na mama lishe wanalijua hili siku nyingi.

Wala kazi hii si ya kudharauliwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu wa magharibi, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na uchoraji unaobeba jina lake bado unalisha familia nyingi.

Bango la plastiki linalochapwa kwa mashine ni la haraka na lina picha safi, nakubali. Lakini jua hulififisha na upepo hulichana, na ukibadilisha namba ya simu unachapisha jingine zima. Fundi anafuta mstari mmoja tu na kuandika upya.

Mafundi nao wana lao. Wapo wanaochukua malipo ya awali na kupotea, na wapo wanaoruka herufi, kosa likaonekana rangi ikiwa imeshakauka. Kwa hiyo mwandikie maneno yote kwenye karatasi, namba ya simu ikiwemo, mkubaliane nani ananunua rangi, na umlipe nusu kwanza, nusu kazi ikiisha. Kabla ya hapo ulizia halmashauri kama bango lako lina ada, usije ukaletewa madai baadaye. Na mwite Agosti au Septemba, ukuta ukiwa mkavu. Ukisubiri minada ianze, utamkuta ana foleni ya maduka yaliyomuwahi.