Hasira yako, ujue kuisoma

Vijana wenzangu wa Goma,

Wiki iliyopita nilipeleka karatasi zangu ku buro moja hapa mjini. Ilikuwa mara ya 11 tangu nimalize iniversite. Bahasha waliiweka juu ya zingine bila hata kuifungua. Kufika nyumbani, nakuta mudogo wangu amemwanga nusu bido ya maji. Nilimugombeza mpaka akalia.

Usiku usingizi ulikataa. Nusu bido ya maji inaleta hasira kubwa vile? Nikachimba, nikakuta chini yake kuko haya: niko na diploma, na kungali naomba mama pesa ya sabuni. Mudogo hakuwa na kosa.

Sote tunakumbuka tarehe 22 Mei 2021. Mbele Nyiragongo ilipuke, OVG, wale wenye kazi ya kusikiliza mlima, walikaa miezi bila intaneti ya kufuata vyombo vyao, juu pesa ilikatika. Na sisi tuko vile: ndani munatikisika, hakuna anayesikiliza. Siku moto unatoka, unaunguza wa karibu.

Mukumbuke tena Julai 2022. Hasira ya raia juu ya MONUSCO ilikuwa na sababu: miaka zaidi ya 20 tangu walinda amani wafike, na watu wanaendelea kuuawa. Lakini kuko walioingia mu kambi na kutoka na viti na makompyuta. Mu siku chache watu zaidi ya 30 walikufa mu Kivu mbili. Haki tuliyoitafuta, kiti kinaileta?

Sisemi munyamaze. Wanaotaka tunyamaze wako wengi tayari. Nasema hasira ikipanda, jiulize: imeamukia wapi? Chini yake kuko nini, woga, haya ao huzuni? Na mwenye kosa ni huyu niko naye mbele, ao ni mwingine? Woga unaomba ulinzi. Huzuni inaomba mutu wa kukaa naye. Hasira inaomba haki, na haki iko na mulango wake wa kugonga.

Tusipoisoma sisi wenyewe, kuko wa kutusomea. Mwenye kuandikisha vijana ku bunduki anajua vizuri hasira ya mutu asiye na kazi.

Mudogo nilimuomba musamaha. Kesho narudi kule buro, na barua mu mukono: mutuandikie munachagua watu namna gani. Mwenye alipitia vile, tuende pamoja.