Panya wa Lozells hawakuja kula maboksi



Kama unaishi Lozells, huhitaji kukumbushwa ya mwaka 2025. Wazoa taka wa Birmingham, wanachama wa chama cha Unite, walianza mgomo kamili tarehe 11 Machi. Tarehe 31 Machi halmashauri ya jiji ikatangaza hali ya dharura, tani 17,000 za taka zikiwa hazijazolewa. Mifuko myeusi ikalundikana, na panya wakawa wanapita mchana kweupe. Mwaka 2017 pia tulionjeshwa mgomo.

Wapo waliolaumu halmashauri na wapo waliolaumu wagomaji. Huko siingii. Mimi nauliza: ndani ya ile mifuko tulitia nini? Panya hakufuata boksi wala chupa. Alifuata vichwa vya samaki, mifupa, wali na ugali uliobaki. Hivyo vimetoka jikoni kwetu.

Na hili si suala la kinyaa tu. Mkojo wa panya unaweza kuleta leptospirosisi, ile ile homa ya mgunda iliyozuka Lindi, Tanzania, mwaka 2022 na kuua watu. Vijidudu hupenya kwenye mchubuko, macho au mdomo. Dalili ni homa, kichwa na misuli kuuma, kutapika, na wakati mwingine macho kuwa ya manjano. Ukiziona baada ya kushika taka, piga simu 111 na useme wazi kwamba uligusa mahali penye panya. Hapa Uingereza ugonjwa huu ni nadra, na daktari asipoambiwa huenda asiufikirie.

Sasa tufanye nini?

- Pika kinachotosha. Kilichobaki kiweke kwenye friji kiliwe kesho.
- Vichwa vya samaki na mifupa funga kwenye mfuko, weka friza, utoe siku ya kuzolewa.
- Maganda ya ndizi, viazi na mboga yanafaa kwa mboji uani. Usichanganye nyama, samaki wala ugali.
- Osha makopo na chupa, kunja maboksi, uyaweke mbali na taka zenye unyevu.
- Mfuniko wa pipa ufungwe. Vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni.
- Usichome taka uani kama tulivyozoea nyumbani. Moshi wa plastiki ni sumu, na mtoto wa jirani ana pumu.
- Mwenye gari amsaidie asiye nalo kupeleka mizigo kwenye kituo cha taka cha Perry Barr. Muulizane kwanza utaratibu wa kuweka miadi.

Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Ukisafisha kwako peke yako, panya atahamia kwa jirani, halafu atarudi. Kwa hiyo bisha hodi kwa jirani, awe Msomali, Mbangladeshi au Mjamaika, mzungumze.

Usafi tulifundishwa na mama zetu kabla hatujaijua halmashauri yoyote. Tusiusahau ugenini.

Kinga ni bora kuliko tiba.