Ukuta wa keja yako unakula pesa zako

Kijana mwenzangu, Julai ya Nairobi unaijua. Ukigusa ukuta wa bedsita ni baridi kama barafu. Jioni unawasha hita, na tokeni ulizonunua juzi zinakwisha kabla ya wikendi. Jirani yako asiyemudu hita anaingiza jiko la makaa ndani, anafunga dirisha, analala. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala hivyo na hawakuamka, kwa sababu gesi ya makaa haina rangi wala harufu.

Ikifika Februari, chumba kilekile kinageuka tanuri. Saa nane mchana huwezi kukaa chini ya mabati. Wenzetu wa Mombasa nao feni inazunguka hadi alfajiri.

Sisi hulaumu hali ya anga. Ukweli ni kwamba tatizo ni nyumba. Mawe na saruji hupitisha joto, na bati lisilo na silingi ndilo baya zaidi. Unalipia joto linalotoka nje usiku kucha, na mchana unalipia feni ya kupambana na joto linaloingia.

Dawa ipo, wala si ya kuagiza ng'ambo. Shirika la Taifa la Nyumba (NHC) lina kiwanda Mavoko, kaunti ya Machakos, kinachotengeneza paneli za kujengea. Ndani ya paneli mna lile povu jeupe jepesi unaloliona kwenye masanduku ya kubebea samaki. Jina lake ni polisitairini. Pande zote mbili hufungwa wavu wa chuma. Fundi akishasimamisha paneli, hupiga plasta ya saruji nje na ndani, na ukuta umekamilika.

Siri iko kwenye hewa. Takriban asilimia 98 ya povu hilo ni hewa iliyofungiwa kwenye vipovu vidogo, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana samaki wa Kisumu hufika Nairobi barafu yake haijayeyuka. Ukuta wa aina hiyo hufanya kazi pande zote mbili: joto la ndani halitoki upesi, na la nje haliingii upesi. Tena paneli ni nyepesi, kwa hivyo mjengo unaenda mbio kuliko kupanga jiwe juu ya jiwe.

Wapo wanaogonga ukuta huo, wakisikia mlio si wa jiwe, wanacheka eti ni nyumba ya katoni. Hao wanasahau wavu wa chuma na saruji. Lakini tusidanganyane. Povu hilo likiachwa wazi hushika moto na kutoa moshi mbaya, kwa hivyo plasta lazima iwe kamili na kazi ifanywe na fundi anayeijua. Vilevile, nyumba inayoshika joto inahitaji matundu ya hewa. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni kifo, ukuta uwe wa paneli au wa mawe.

Sasa mbona plot nyingi hazijengwi hivi? Sababu ni rahisi. Landilodi ndiye anayechagua ukuta, wewe ndiye unayenunua tokeni. Akiokoa pesa wakati wa kujenga, hasara ni yako kila mwezi hadi siku utakayohama.

Kuna mahali pamoja ambapo tuna haki ya kuuliza. Kama umeajiriwa, asilimia 1.5 ya mshahara wako inakatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wako anaongeza kiasi hichohicho. Serikali ilijiwekea lengo la nyumba 200,000 kila mwaka. Hizo ni nyumba zetu, na zitasimama miaka mingi. Zikijengwa bila kujali joto na baridi, tutakuwa tumelipa makato, kisha tulipe stima milele. Msimamo wetu ni huu: nyumba zinazojengwa kwa jasho letu ziwe za kwanza kukinga joto na baridi, na vijana wa mjengo wafunzwe kazi ya paneli. Ujuzi huo ni ajira.

Nawe usingoje serikali. Ukienda kusaka keja, usiulize kodi na maji pekee. Uliza kama kuna silingi chini ya bati. Angalia kama dirisha linafunga vizuri na kama kuna tundu la hewa. Gusa ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Na ukijenga kwenu mashambani, weka silingi hata kama paneli hujazimudu. Landilodi akisikia swali hilo kutoka kwa wapangaji kumi, wa kumi na moja atapata jibu tofauti.