IWE FUNDISHO KWA NANI?

Ndugu wanachama,

Kila Jumamosi mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hukutanisha wafugaji, wachinjaji na wachuuzi. Sisi tulio na duka huko twauza sukari na sabuni, na twasikiliza. Siku moja mzee aliyeibiwa ng'ombe alisema barazani petu kuwa mwizi wa mifugo anyongwe, iwe fundisho kwa wengine. Watu wakaitikia. Wiki ile ile tukapata barua ya ndugu yetu wa Unguja, mwanachama mwenzetu, naye ameandika: siku tutakaposhika hukumu, tuwatie adabu waliotutesa, hata wasithubutu tena. Mmoja asema habari ya ng'ombe, mwengine habari ya dola, lakini fikra yao ni moja: ukimtisha mtu vya kutosha, ataacha.

Hatukatai kuwa adhabu ina kazi yake. Twauliza tu: ni kitu gani hasa kinachomzuia mtu? Dukani kwetu tulitia kufuli zito, tukaibiwa. Tulipopatana na majirani kulinda kwa zamu, wizi ulikoma. Mwizi haogopi ukubwa wa adhabu anayodhani haitamfika. Huogopa kujulikana na kukamatwa.

Serikali ya Tanganyika ilijaribu njia ya kutisha mwaka 1963. Sheria ya mwaka ule iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24 kwa makosa kadha, wizi wa mifugo na rushwa miongoni mwao: 12 mtu aingiapo gerezani na 12 atokapo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akihutubia Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka 1995, alikumbusha kuwa vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonesha mkewe. Mwaka 1972 viboko vikaondolewa katika sheria hiyo. Mwaka 1989 vikarejeshwa. Lau vingalimaliza kazi mara ya kwanza, nani angalivihitaji mara ya pili?

Sisi wenye maduka tuna kumbukumbu nyengine, tuliyoirithi kwa wazee wetu. Mwaka 1983 ilipigwa vita ya walanguzi. Watu walikamatwa kwa wingi, ikatungwa sheria ya uhujumu uchumi, na baraza maalumu la kuwahukumu, ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Je, sukari ilirudi rafuni? La! Wenye mali waliificha zaidi, na wengine waliitupa kwa khofu. Kilichovunja nguvu za ulanguzi ni ruhusa ya mwaka 1984, walipoachiwa watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kitu kikionekana dukani, nani atakinunua uchochoroni kwa bei maradufu?

Hikima hii si ngeni kwa tuliopita chuoni. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 wa Hijra, alisimamisha kukata mkono wa mwizi. Hakuwa mtu laini, na kila mtu ajua. Alijua tu kuwa hakimu hana haki ya kumtisha mwenye njaa kabla ya kumlisha. Na mafakihi wametufundisha kuwa penye shaka, adhabu kubwa huondoshwa.

Na kitanzi je, alichokitaka yule mzee? Shauri hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu hapo hapo Dodoma. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alihukumu kuwa adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na yavunja utu, lakini ikaiacha isimame kwa hoja ya maslaha ya umma. Basi imebaki kitabuni, wala tangu mwaka 1994 hapana aliyenyongwa. Mamia wamekaa wakingoja kifo kisichokuja. Hilo ni fundisho kwa nani?

Sasa turejee visiwani kwetu. Januari 2001 risasi zilipigwa Unguja na Pemba juu ya watu walioandamana. Watu wasiopungua 30 walikufa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Aliyeamuru alitaka iwe fundisho. Masheikh wa Uamsho nao walikaa mahabusu Bara miaka na miaka, hata Juni 2021 mashitaka ya ugaidi yakafutwa, hapana mahakama iliyowatia hatiani. Hilo pia lilitakiwa liwe fundisho. Je, watu waliacha kudai haki yao? Hawakuacha. Uchaguzi wa mwaka 2010 ulipita kwa salama kwa kuwa Novemba 2009 Maalim Seif na Rais Amani Karume walikaa kitako wakazungumza, na Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni kukubali serikali ya pamoja. Mazungumzo yalileta utulivu ambao bunduki haikuuleta.

Kwa hiyo, ndugu yetu uliyetuandikia, jawabu letu ni hili. Aliyeua na ashitakiwe, mbele ya hakimu asiyeogopa mtu, kwa ushahidi ulio wazi, awe wa chama chao au awe wa chama chetu. Hiyo ndiyo adhabu inayozuia, kwa kuwa kila mtu ataijua kuwa haina mlango wa nyuma. Lakini kutisha ili tuogopwe, hatutaki. Sisi tumetishwa miaka mingi, na tupo. Kama khofu haikutumaliza sisi, kwa nini tudhani itawamaliza wao?

Wa billahi tawfiq.