Mifumo ya Serikali Isiwe ya Mlango Mmoja

Yuko mtumishi mmoja wa umma katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, ambaye hatutamtaja jina wala idara yake, kwa kuwa kosa halikuwa lake na hatupendi liwe adhabu yake. Miaka michache iliyopita mtumishi huyo alitakiwa kupeleka taarifa ya robo mwaka kwa njia ya mtandao. Kompyuta alikuwa nayo, nzima, inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi ambao watu huupata bila ya kuununua. Simu alikuwa nayo. Mtandao nao ulikuwepo siku hiyo, jambo ambalo huko si la kila siku. Hata hivyo, kila alipoufungua ukurasa wa kazi yake alikutana na agizo lile lile: tumia Internet Explorer. Kivinjari hicho, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, hakikutengenezwa kwa ajili ya Linux, wala hakijapata kuwekwa katika simu za Android ambazo ndizo zilizomo mifukoni mwa wananchi wengi.

Alipanda pikipiki hadi Mbamba Bay. Kutoka hapo alishika gari la kwenda Mbinga, kilomita 66 za kupanda milima. Huko alilikuta duka la steshenari lenye kompyuta kuukuu ya Windows, akalipa kwa saa. Foleni ilikuwa ndefu na gari la kurudi halimngojei mtu. Basi akamwandikia kijana wa duka jina lake la kuingilia na nywila yake katika kipande cha karatasi, ili amsaidie kuimaliza kazi. Taarifa ilifika kwa wakati. Kile kipande cha karatasi hatujui kiko wapi.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, la mafundi, na kwamba haliistahili safu hii. Hatukubaliani nao. Mfumo uliofungwa kwa hoja ya usalama ulimlazimisha mtumishi mwaminifu kuukabidhi ufunguo wa ofisi ya umma kwa mtu asiyemjua. Tangu Mei 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na ni vigumu kuona vipi sheria hiyo itaheshimiwa iwapo njia yenyewe ya kufanyia kazi inawasukuma watu kuivunja.

Liuli si kisiwa. Lakini wasomaji wetu wa Tumbatu, Kojani na Makoongwe watakitambua haraka kisa hiki, kwa sababu wao pia huijua serikali kwa jina la chombo kinachovuka maji. Kule kusini ziwa ndilo barabara kwa vijiji vingi, na meli ikichelewa kila kitu huchelewa. Tena mwambao ule si mgeni kwa Unguja: wamisionari wa UMCA waliojenga Likoma na kufika Liuli walikuwa wameanzia Zanzibar, na Kiswahili cha vitabu vyao kilikuwa Kiswahili cha hapa.

Historia ya Liuli inayo funzo ambalo linaingia moja kwa moja katika mada yetu. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lake linalofanana na lile sanamu kubwa la Misri. Mwezi Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Gwendolen, ilifika hapo na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alipanda mashua na kwenda kumkemea nahodha mwenziwe, ambaye walikuwa marafiki, akidhani amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Uamuzi ulikwisha kutolewa mbali, nao waliokuwa mwisho wa njia waliupokea kwa mzinga.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Internet Explorer. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itakizika kivinjari hicho tarehe 15 Juni 2022. Ulikuwa ni muda wa zaidi ya mwaka mzima. Lakini ni ofisi ngapi duniani zilizoamka asubuhi ya tarehe 16 na kukuta ukurasa wa kazi haufunguki?

Yafaa tueleze kwa ufupi asili ya msiba huu. Internet Explorer ilitoka mwaka 1995, ikafungamanishwa na Windows, na kila aliyenunua kompyuta aliikuta imo ndani. Serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft mwaka 1998 kwa ukiritimba huo. Kesi ilipokuwa ikiendelea mshindani mkubwa, Netscape, alikuwa tayari anadhoofika, na kufikia mwaka 2002 na 2003 zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti walikuwa wakitumia kivinjari kimoja. Katika miaka hiyo hiyo ndipo wizara, mabenki na mashirika mengi ya dunia yalipojenga mifumo yao ya kwanza ya mtandao. Mafundi waliijenga kwa kipimo cha Internet Explorer peke yake, wakitumia vipande vya programu viitwavyo ActiveX ambavyo havifanyi kazi kwingineko. Toleo la kompyuta za Macintosh liliachwa mwaka 2003. Firefox ikaja mwaka 2004, Chrome mwaka 2008, na simu za mkononi zikaugeuza ulimwengu wote. Kivinjari kilichokuwa mfalme kikawa kinafunguliwa kwa sababu moja tu: mwajiri ameamuru.

Nchi iliyoonja uchungu huu kuliko zote ni Korea ya Kusini, na yafaa tuwatendee haki kwa kusema kwamba hawakuanza kwa ujinga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kuuzwa nje programu zenye usimbaji madhubuti, nao Wakorea, wakitaka kulinda fedha za raia zao, walibuni usimbaji wao wenyewe, wakauita SEED. Hilo ni jambo la kujitegemea, nasi tunalisifu. Kosa lilikuja katika kuufikisha kwa wananchi: waliuingiza ndani ya ActiveX. Kwa miaka mingi Mkorea hakuweza kutumia benki wala kununua kitu mtandaoni pasipo Windows na Internet Explorer, hata baada ya vikwazo vya Marekani kulegezwa na sababu ya mwanzo kutoweka. Mwaka 2014 rais wa nchi hiyo mwenyewe alilalamika hadharani kwamba Wachina waliotaka kununua nguo zilizoonekana katika tamthilia za Kikorea walishindwa kulipa. Ilipofika Desemba 2020 ndipo hadhi ya pekee ya vyeti vile vya zamani ilipoondolewa kisheria. Taifa lililoongoza dunia kwa kasi ya intaneti lilifungwa na kamba lililoisokota lenyewe kwa nia njema.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Fomu za mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini zilitegemea programu ya Flash. Wenye Flash, kampuni ya Adobe, walitangaza Julai 2017 kwamba itakufa mwisho wa mwaka 2020. Muda wa zaidi ya miaka mitatu ulitolewa. Januari 2021 ilipofika, baadhi ya fomu zilikuwa bado hazijahamishwa, na mamlaka hiyo ikatoa kivinjari chake yenyewe, chenye Flash ndani yake, kwa ajili ya fomu hizo, na kikafanya kazi kwenye Windows tu. Yaani mlipa kodi mwenye kompyuta ya aina nyingine aliyetaka kutimiza wajibu wake kwa taifa aliambiwa kwanza atafute mashine nyingine. Hatuwacheki ndugu zetu hao. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Watanzania tunalo somo la chuma juu ya jambo hili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati tuliyorithi kwa wakoloni ina upana wa milimita 1,000. Ni tofauti ya milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Kwa sababu ya kiganja hicho, reli hizo zinapokutana Kidatu mizigo lazima ishushwe behewa moja na kupakiwa jingine. Mfumo wa mtandao unaodai kivinjari kimoja ni Kidatu nyingine, na makuli wake ni watumishi kama yule wa Liuli.

Sasa tutazame nyumbani. Hatua zilizopigwa ni kubwa, na asiyeziona hataki kuona. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa nguvu Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Zanzibar nayo ina mamlaka yake. Katika malipo ya serikali, MUSE iliyotengenezwa na wataalamu wetu imechukua nafasi ya Epicor ya kigeni. Katika ununuzi wa umma, NeST, nayo kazi ya Watanzania, imechukua mahali pa TANePS tangu Oktoba 2023. Hata kabla ya hapo, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi kwa Kiswahili safi, ingawa inasikitisha kwamba ofisi nyingi za serikali hazikuifungua hata siku moja.

Lakini kumiliki mfumo ni jambo moja, na kuujenga uwe wazi ni jambo jingine. Wakorea walimiliki SEED yao. Mfumo unaweza kuandikwa Dodoma na vijana wetu wenyewe, na bado ukamfungia nje mtumishi wa Mbamba Bay, iwapo wale vijana waliujaribu katika kompyuta mpya za ofisini kwao tu. Tena hatari ya leo haiitwi Internet Explorer. Inaitwa Chrome, ambayo inatumiwa na zaidi ya nusu ya dunia, na tayari tunaona hapa na pale maneno "tumia Chrome tu". Mafundi wanaoandika maneno hayo wengi wao walikuwa watoto wakati wenzao walipoandika yale ya kwanza. Ugonjwa ni ule ule, jina la mgonjwa ndilo lililobadilika.

Zipo hoja za upande wa pili, na tumezisikia kwa wakuu wa idara wenye busara. Wanasema kivinjari kimoja ni rahisi kukilinda, na kuujaribu mfumo katika vivinjari vinne ni gharama mara nne. Juu ya gharama wana haki kidogo. Juu ya usalama hawana: ofisi iliyofungwa kwa Internet Explorer leo inalazimika ama kutumia programu isiyotengenezwa tena, ama kuegemea ile hali ya uigizaji ndani ya Edge ambayo Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi mwaka 2029. Baada ya hapo hakuna ahadi. Anayetaka usalama wa kweli ajenge kwa kufuata viwango vya wazi vya W3C, chombo kilichoanzishwa mwaka 1994 ili kurasa zisomeke na kila kivinjari.

Sisi tuliojifunza herufi chuoni kwa ubao na wino kabla ya kuingia shule ya serikali tunakumbuka kwamba mwalimu hakumuuliza mtoto ubao wake umechongwa kwa mti gani. Wa mwembe au wa mfenesi, kilichotazamwa ni kile kilichoandikwa. Twaomba taarifa za serikali zipokewe kwa desturi hiyo.

Kwa hiyo tunayo maombi kwa viongozi. Kila mkataba wa mfumo mpya uwe na sharti kwamba utafunguka katika kivinjari chochote kinachofuata viwango, pamoja na vile vya simu, na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka sharti hilo litimizwe. Mifumo ya zamani iandikiwe orodha na kila mmoja upewe tarehe ya kuhamishwa, na tarehe hiyo itangazwe kwa watumishi wa mwisho wa njia kabla ya kutangazwa katika semina za mahotelini. Na mfumo usipokelewe kwa kuoneshwa ukutani katika ukumbi wenye kiyoyozi. Apelekwe afisa mmoja Liuli na mwingine Kojani, kila mmoja na simu ya kawaida, si ile ya mkurugenzi, wakae hapo siku moja ya kazi na kujaribu kutuma taarifa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gharama yake ni nauli na posho ya siku tatu.