Mwanao akianza kunyamaza akiwa China

Wiki za kwanza simu haipumziki. Picha ya bweni, picha ya treni ya kasi, picha ya kijana akihangaika na vijiti mbele ya bakuli la tambi. Mama anawaonyesha majirani. Ikifika Desemba picha zimekatika, majibu ni “niko poa” na “nina usingizi”. Nyumbani maswali yanaanza: amepata makundi mabaya? Ametusahau?

Mara nyingi amechoka tu. Vijana wengi wanaokwenda China kwa ufadhili hutumia mwaka wa kwanza kusoma Kichina kabla ya kuanza shahada. Neno “ma” sauti ikibaki juu ni mama, ikishuka na kupanda ni farasi. Kijana aliyekuwa hodari wa midahalo shuleni kwao sasa anashindwa kueleza daktari anaumwa wapi. Kuwa mtu mzima na kuongea kama mtoto wa miaka miwili, kutwa nzima, kunachosha kuliko mtihani wenyewe. Na kama yuko Harbin, nje ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha matokeo kuhusu Wanorway waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema walizoea vizuri, na waliozidisha miezi 18 vilevile. Waliopata shida zaidi ni wa katikati. Si wote hufuata njia hiyo, wapo wanaolia tangu usiku wa kwanza. Lakini mzazi ajue shida inaweza kuja wakati yeye ameshapumua.

Kosa la kawaida ni saa ya kupiga. China iko mbele kwa saa 5, hivyo simu ya saa 3 usiku baada ya chakula inamkuta saa 8 usiku. Piga saa 10 jioni. WhatsApp huko imezuiwa, kwa hiyo wekeni WeChat kabla hajapanda ndege.

Kosa kubwa zaidi ni neno “vumilia, wenzako wanaitafuta hiyo nafasi”. Ukishalisema, hatakuambia tena kinachomsumbua. Muulize amekula nini, anakaa na nani jioni, neno gani jipya limemchekesha. Kisha nyamaza, umsikilize.

Kukosa raha siku chache ni kawaida. Akipitisha wiki mbili halali vizuri, hali au haendi darasani, anahitaji msaada wa kitaalamu. Akitamka kwamba haoni sababu ya kuishi, usingoje hata siku moja: wasiliana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, na umwombe mwenzake asimwache peke yake. Namba hizo, ya ofisi na ya anayelala naye chumba kimoja, ziombwe wiki ya kwanza, wakati picha bado zinakuja.